Hasemi Mara Mbili

Mfunza mbwa wa Herndon, huko ughaibuni, hasemi amri mara mbili. "Kaa," anasema taratibu, kisha anasubiri, hata mvua inyeshe, kipande cha soseji kikiloana kiganjani mwake. Mbwa akikaa, anamkuna nyuma ya sikio: "Vizuri sana, mzee." Nyumbani ni kupayuka tu; alilelewa akiambiwa kwamba mtoto hasifiwi usoni, asije akavimba kichwa.

Jumamosi moja ya mwaka 1998 bintiye, Nkatha, alinuna akajifungia garini, kando ya uwanja wa mafunzo. Baba akamfokea mpaka mbwa wakajikunyata, lakini mlango haukufunguka. Akawatazama mbwa. Akachuchumaa kando ya gari. "Nkatha, njoo." Akasubiri. Magoti yalimuuma, hakuinuka. Mlango ulipofunguka, akamwekea mkono kichwani, akayalazimisha maneno yatoke: "Vizuri sana, mama."

Nkatha alijibu kwa Kiingereza kwamba yeye si mbwa, lakini kichwa hakukiondoa mkononi mwa babake.