Nilifunika Bwawa Langu, Nikamsingizia Mama Furaha Sumu

Kosa ni langu. Nalisema mapema kabla hamjaanza kunitafutia sababu, maana watu nawajua. Hata sasa nashuku kuna anayesoma hapa, anakaa mtaa wetu, na tayari amenitambua. Kama umenitambua, nyamaza usome mpaka mwisho.

Mimi ni mtu wa kushuku tangu utotoni. Mgeni akimsifia mtoto wangu, nashtuka. Jirani akinisalimia kwa furaha nyingi, najiuliza anataka nini. Mume wangu husema nikifika mbinguni nitamuuliza Petro zile funguo amezitoa wapi.

Naishi Gasenyi, mtaa wa pembeni mwa jiji letu la kando ya ziwa. Chini ya nyumba yetu kuna bonde lenye maji, na huko nilichimba bwawa nikafuga tilapia. Jamani, walinenepa! Kila aliyepita kwenda mtoni alisimama kuwatazama, na kila aliyesimama mimi nilimwona mwizi au mwenye kijicho.

Hapo ndipo ujinga ulipoanza. Ufukweni mwa ziwa kuna yale majani yanayoelea, yenye maua ya zambarau, magugu maji. Nikasema moyoni, hili ndilo pazia langu. Nikajaza ndoo, nikayatupa bwawani ili watu wasiwaone samaki wangu. Sikumwambia mtu. Muda si muda maji hayakuonekana tena, ni majani na maua matupu. Nilifurahi! Nilijiona mjanja kuliko mtaa mzima.

Mtu mmoja tu alikuwa na ruhusa ya kufika bwawani, Mama Furaha. Jina nimelibadilisha. Ni Mkongomani aliyekimbia vita, tulijuana kanisani, tukawa mtu na mdogo wake, akaniita yaya, yaani dada mkubwa. Alinunua samaki kwangu akawakaanga barabarani, na karai lake la mafuta ndilo lililolisha watoto wake.

Siku moja akaniuliza kama najua kiwanja bondeni, naye achimbe bwawa lake. Nikacheka, nikamwambia nitamuulizia. Moyoni nikasema, ahaa! Kumbe!

Jumapili iliyofuata nilitoka kanisani kabla misa haijaisha, kichwa kinaniuma. Nikamkuta Mama Furaha amechutama kando ya bwawa langu, mikono imezama mpaka viwiko.

"We! Unafanya nini hapo?"

Akashtuka. "Yaya, apana kukasirika. Mi natoa hii majani kidogo. Samaki yako iko nakosa pumuzi."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna mutu. Nilijua we unapenda hii maua, njo maana sikusema."

Hakusema! Neno hilo lilinichoma. Asiye na baya anafichia nini? Nikamwambia aondoke na asirudi. Ona sasa nani alikuwa anazungumza habari za kuficha. Mimi, niliyefunika bwawa zima!

Haikupita hata wiki. Asubuhi nikakuta samaki wanaelea, matumbo juu. Mana yanje, Mungu wangu! Nililia mpaka majirani wakaja mbio. Wakauliza kumetokea nini, nami kwa mdomo huu huu nikajibu, "Muulizeni Mama Furaha. Mi nilimukuta na mikono mu maji."

Sikulitaja neno sumu. Sikuwa na haja. Kwetu ukisema nusu, watu wanamalizia wenyewe.

"Ni sumu!" mmoja akapiga kelele. "Na mutoto wangu alikula samaki yake!"

"Mi sitakula tena kitu yake, apana!"

Kwa mama anayeuza chakula, hapo ameshazikwa. Mafuta yake yalichemka bila mteja. Watoto wake wakakatazwa kucheza na wenzao. Kanisani alikaa kwenye benchi peke yake, na mimi nilimpita bila salamu, roho nyeupe kabisa. Mwishowe akahama kimya kimya, akaenda kupanga upande mwingine wa jiji.

Nikaweka samaki wengine. Nao wakaanza kufa! Sasa nimshuku nani? Nilimshuku mume wangu. Nilimshuku hata padri. Mpaka siku niliposukuma majani pembeni ili niteke maji ya kumwagilia lengalenga, mchicha wetu. Samaki waliobaki wakakimbilia wote pale palipo wazi, midomo juu, wanagombania hewa. Na pale ukingoni, karibu na mguu wangu, kulikuwa na lundo la majani makavu, yale aliyoyavuta Mama Furaha Jumapili ile. Muda wote huo nilikuwa nalipita tu.

Wala mambo hayakuishia hapo. Mvua ilipozidi bwawa lilifurika, majani yakateremka mpaka mtoni. Sasa wanaolima mpunga huko chini wanalia mifereji imeziba, na wanashukiana wao kwa wao nani aliyewaletea balaa. Mimi nimenyamaza.

Nilimtafuta Mama Furaha mpaka nikampata. Alinipa kiti. Nikamweleza yote, nikapiga magoti. Akatoka, akarudi na chupa ya soda, akaifungua mbele ya macho yangu, akamimina, akanywa yeye kwanza, polepole, ndipo akanipa.

"Kunywa. Haina kitu."

Huku kwetu anayempa mgeni kinywaji huonja kwanza, mgeni ajue hakuna sumu. Ni adabu tu. Lakini mimi na yeye hatukuwahi kuonjeana! Tulikuwa tunapokezana chupa moja, huku tunacheka. Nilikunywa soda ile nikilia, naye hakuninyamazisha. Aliponisindikiza mlangoni hakuniambia nirudi.

Ndugu zangu, yale majani msiyabebe, hata yawe na maua mazuri namna gani. Na ukimkuta mtu ametia mikono katika maji yako, muulize, kisha usikilize anachojibu. Mimi niliuliza tu.

Kesho nashuka kwa wale wa mpunga kuwaambia ni mimi niliyeyaleta. Halafu naanza mlango kwa mlango hapa mtaani, nilisafishe jina la Mama Furaha. Naogopa jamani! Najua mtaa huu unavyomtazama mtu, kwa sababu siku ile mimi ndiye niliyeuonyesha pa kutazama.