Meno Meusi ya Mto Sio

Safari yetu kutoka Kilifi ilinuka dizeli na maganda ya machungwa. Tulibadilisha basi Mombasa, tukabadilisha Nairobi, tukabadilisha tena Kisumu, na kila tuliposhuka niliona hewa imepungua chumvi. Busia tulifika jua likiwa kali, malori yamepanga foleni kuelekea Uganda. Mjomba akafunga sanduku letu kwenye baiskeli, akatuongoza hadi nyumbani kwa mama yake, karibu na mto Sio. Baba alibaki Pwani. Mama hakunieleza sababu, nami sikuuliza. Nilijua tu kwamba nimetolewa baharini, na mto ule wa maji mekundu niliuona kama mzaha.

Mjomba aliishi kwa mchanga. Kiangazi, maji yakipungua, aliingia mtoni hadi kiunoni na karai, akauchota na kuurundika ukingoni hadi lori lije. Mimi nilichekecha kokoto. Ndimo nilimoyaona meno: madogo, meusi kama lami, mazito kuliko umbo lake, yakigongana kiganjani yanalia kama misumari. Nikapiga kelele kwamba ni ya papa. Baba aliuza samaki sokoni, na taya za papa nilikuwa nimeziona zikianikwa ukutani tangu nilipoanza kutembea.

"Mtu wa Mombasa!" watoto wa jirani wakanicheka. "Huyo papa alipitia wapi? Kwa kastam, hapo mpakani?"

Walicheka, lakini mimi niliyaficha meno yale mfukoni na kuyapapasa hata darasani. Kama papa aliwahi kuogelea pale, basi bahari iliwahi kufika pale. Na kama bahari iliweza kufika, hata baba angeweza.

Tatizo lilianza bibi alipoyaona. Tulimwita Kukhu, kama Waluhya wa huko wanavyomwita bibi. Alikuwa ameng'olewa meno ya mbele ya chini alipokuwa msichana, kama ilivyokuwa desturi ya watu wa rika lake, na alisema yake na ya wenzake yalizikwa kwenye ukingo uleule. Akayatazama yale meusi, uso ukamfifia.

"Hii ni meno ya watu," akasema. "Labda hata yangu iko hapo. Hakuna mtu atauza mchanga ya hapa tena."

Mjomba aliacha karai likaanguka. Mvua zilikuwa karibu, na mahali pengine pa kuchota hakuwa napo. "Mama, hiyo ni ya samaki! Uliza huyu kijana, yeye ametoka kwa bahari."

Wote wakanigeukia. Sikuwahi kuulizwa neno katika boma lile. Nikayamwaga kwenye ungo, nikachuchumaa, nikaanza kuyageuza moja baada ya jingine. Jino la papa ni bapa, makali yake mara nyingi yana menomeno ya msumeno, na shina lake limepanuka kama miguu miwili. Haya yalikuwa ya mviringo kama mwiba mnene, laini pembeni, na chini yana tundu ambalo njiti ya ufagio iliingia. Nikatafuta hata moja lenye miguu. Halikuwapo.

"Sema tu papa, boss," mjomba akaninong'oneza.

"Si papa," nikasema. "Wala si ya mtu, Kukhu. Ya mtu haina ncha hivi. Nadhani ni ya mamba, wa zamani sana, mpaka yamekuwa mawe."

Kukhu hakutosheka na maneno. Akaosha jino moja kwenye kata ya maji, akafungua kinywa, akalipachika kwenye pengo lake na kuligeuza kwa ulimi. Halikukaa. Akalitema kiganjani akicheka hadi akashika nguzo ya jiko. "Huyu hakukula ugali! Huyu alikula wenye kula ugali!"

Mjomba alirudi mtoni alasiri ileile. Mimi nilikwenda nyuma ya jiko kulia. Mama akanikuta huko, nikamwambia kwamba bahari haikufika. Akaketi chini kwenye vumbi na kitenge chake kizuri.

"Haikufika," akasema. Kisha, kwa mara ya kwanza, "Na baba yako hatakuja."

Sasa nina zaidi ya miaka arobaini, na nimeishi katika miji mingi ambamo sikudumu. Nilipita Sio hivi karibuni. Ukingo ule umeliwa na kuwa shimo ambalo malori huteremka ndani yake. Siku hizi mtoto angepiga picha ya jino na kupata jibu kwenye simu kabla halijakauka. Namwonea wivu kidogo, na kidogo namhurumia, maana mimi jibu langu lilisubiriwa na boma zima, na nililiamini mwenyewe hata liliponiumiza.

Mwaka uleule wa meno, Mama alipata kazi Eldoret, tukaondoka mvua zikiwa zimeujaza mto. Kukhu alitusindikiza hadi barabarani, akiwa peku kwenye matope.

"Hiyo bahari yenu," akaniuliza, "ni kubwa kushinda mto yetu?"

"Ndiyo, Kukhu. Huwezi kuona ng'ambo."

Akatikisa kichwa kwa huruma. "Sasa mtu akipotea huko, mtamuona aje?"

Mama akanishika mkono, akaubana, na hakuuachia hata basi liliposimama.