Nyumba Iliyoandikwa Banda

Mwaka uliofuata kufungwa kwa kambi ya wakimbizi ya Mtabila, mji wa Kasulu ulikuwa unatanuka kuja upande wetu, na ramani ilitangulia. Ilibandikwa ukutani ofisi ya kata. Nilikuwa nauza mawese sokoni. Nikafunga meza, nikaenda kuisoma. Eneo letu lote lilipakwa rangi moja: makazi ya ujazo mkubwa, yaani viwanja vidogo vidogo, nyumba kwa nyumba. Hilo sikugombana nalo. Mji ukikua watu hubanana. Nilichogombana nacho ni barabara iliyokatiza katikati ya migomba ya mama, na kisanduku kidogo chini ya mistari yake, kimeandikwa: banda.

Banda! Humo ndimo tulimozaliwa watoto sita.

Kosa lao nililiona palepale. Wapimaji walitoka mbali, na macho yao yalizoea kuhesabu mabati. Penye bati ni nyumba, penye nyasi ni zizi au jiko. Mama aliezeka nyasi kwa kupenda kwake. Mabati niliyomnunulia alikuwa ameyapeleka kwenye makao ya kuku, na kuku hao, kwenye ramani ile, walikuwa na nyumba ya kuishi.

Nilikwenda kwake nikiwa nimevimba kwa hasira. Nikamwambia muda wa pingamizi haujaisha, tuyabandue mabati kwa kuku tuezeke haraka, waje wahesabu upya.

"Yaani nibadili paa ili mtu aamini kwamba ninaishi?" alisema. "Sibadili."

Nilimwita mbishi. Alinipa jembe nikamsaidie kupalilia.

Siku ya mkutano wa pingamizi, afisa mipango miji, kijana mwenye adabu, alitueleza vizuri tu. "Bibi, barabara haikwepeshwi kwa ajili ya banda. Ingekuwa nyumba ya makazi, tungezungumza."

Mama akasimama.

"Mwanangu, siku mliyokuja kupima, mvua ilinyesha. Mlijikinga wapi?"

Kijana alitazama makaratasi yake.

"Mkala ugali wa muhogo na maharage. Viti havikutosha, wewe ukakaa kitandani kwangu. Kitanda kilikuwa bandani?"

Kwetu, kumtajia mgeni chakula alichokula kwako ni aibu kubwa. Mama huyu alinichapa nilipokuwa mdogo kwa sababu nilimkumbusha jirani ndizi tulizompa. Sasa alikuwa anasimanga mbele ya kata nzima. Nilimwonea uchungu, na nilijivuna kwa ajili yake, vyote kwa pamoja.

"Najua ninasimanga," alisema. "Aibu yangu nimeibeba. Na wewe beba ya kwako, uandike ulipokula."

Watu waliitikia "Ego!" kwa Kiha, ndiyo, mpaka mtendaji wa kata akagonga meza. Kijana alichukua kalamu, akakata neno moja kwenye ramani iliyokuwa mezani, akaandika mengine. Kisha akamletea mama fomu ya pingamizi aweke dole gumba.

Mama hajui kusoma. Alinisogezea ramani kwanza. "Soma."

"Nyumba ya makazi," nikasoma.

"Waliokaa nje hawajasikia."

Nikasoma kwa sauti ya kuuzia mawese. Ndipo akaweka dole.

Sikuamini kalamu ile peke yake. Mwaka mzima nilipita ofisi hiyo kila siku ya soko, nikisimama mbele ya ramani mpaka wakanichoka. Greda lilipokuja, lilichimba moja kwa moja kutoka barabara kuu, likafika kwenye migomba ya mama, likazunguka.

Ni kona mbaya, sikatai. Madereva wa bodaboda wanapunguza mwendo pale wakisonya, na wageni huniuliza ni mpimaji gani aliyepinda barabara namna hii.

Ninawaambia ni mama yangu.