Mafuta ya Kupikia Kwenye Bunduki ya Jailosi

Mafuta ya kupikia yakikauka kwenye chuma yana harufu yake, ya maandazi ya juzi iliyochanganyika na kutu. Majuzi msichana mmoja aliniletea cherehani hapa dukani kwangu mtaa wa Mchesi, Lilongwe, imekaza haizunguki, na kabla sijalegeza hata skrubu harufu ile ikanipanda puani. Nikamgombeza mtoto wa watu bure. "Nani alikwambia mashine inakula mafuta ya mboga?" Angejuaje? Mimi nilikuwa nimesharudi Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, asubuhi ya baridi, mtoto wa kuchezea vumbi, na Papa bado yuko.

Mliokaa kambini mnaijua baridi ya mwezi wa sita pale, ile ya kupiga meno hadi jua lipande. Kule nyumbani Fizi, tulikokimbia, vita ilikuwa imewaka tena. Kila lori lililoshusha wageni lilishusha na habari zake, na sisi watoto tulishazoea kuona wakubwa wakinyamaza tukisogea. Papa alikuwa fundi wa cherehani, kazi yake aliifanyia mbele ya nyumba, kando ya njia ya kisimani. Ugonjwa wa mashine zote ulikuwa mmoja: watu walizipaka mafuta ya msaada, yale ya kupikia, maana ndiyo yaliyokuwepo. Yakikauka yanakuwa gundi. "Mashine haikaangake samaki!" Papa aliwatania. Wanacheka, wanaondoka, kesho wanapaka tena.

Asubuhi hiyo alikuja Jailosi, mlinzi wa shamba la tumbaku la jirani, Mmalawi mpole aliyezoea kununua mafuta ya msaada kwa mama zetu. Nyuma yake alikuja msimamizi wa shamba, kabeba kitu kirefu ndani ya gunia. Jailosi akapiga magoti mbele ya Papa, mtu mzima na ndevu zake, akasema kwa Kichewa, "Chonde, bambo, ndithandizeni." Tafadhali baba, nisaidie.

Msimamizi akafunua gunia. Ilikuwa bunduki kuukuu, ya vita vya Wazungu vya zamani, ile ya kuvuta na kurudisha komeo kwa mkono kila unapotaka kupiga. Msimamizi aliwahi kufanya kazi Mbeya, kwa hiyo Kiswahili alikijua, akaeleza. Juzi alfajiri Jailosi alikuwa anarudisha komeo, kidole kikiwa mbali na kifyatulio, bunduki ikalia yenyewe. Ndivyo alivyosema Jailosi. Risasi ilimpata mlinzi mwenzake tumboni, na sasa mwenzake alikuwa amelazwa Lilongwe, haijulikani kama atapona. Na shamba zima lilijua kwamba hao wawili walikuwa wamegombana.

"Nimeijaribu mchana, bila risasi, haina kosa lolote," alisema msimamizi. "Huyu anaongopa. Ila kabla sijampeleka polisi nataka fundi wa vyuma aniambie."

Papa akarudi nyuma. "Mi niko fundi wa cherehani. Bunduki sijue."

Watu waliokuwa wanakwenda kisimani walikuwa wameshaanza kusimama. Kati yao alikuwa Shemasi Wilondja wa kanisa letu, aliyetoka Fizi kama sisi, na aliyezika wanawe wote kule. Papa akamtazama Jailosi pale chini. Kisha akamtazama Mama, aliyekuwa anachochea mbaula, jiko letu la makaa. Mama akainuka, akaenda kwenye kamba, akaanza kuanua nguo.

Ndipo Papa akanyoosha mkono, akaichukua bunduki.

Ee Mungu wangu, ile mikono! Papa niliyemjua mimi alikuwa mtu wa taratibu, kitu anakigeuza-geuza kwanza kama anakiomba ruhusa. Siku hiyo mikono haikuuliza. Mtutu ulielekea ukutani pasipo mtu, komeo likarudi nyuma, kidole kidogo kikaingia ndani kupapasa kama mna risasi, yote hayo mimi sijapepesa jicho. Nilijaa fahari mpaka nikatamani watoto wote wa kambi wawepo.

Akasukuma komeo mbele, kidole kiko mbali. Tak! Sindano ya ndani, ile inayoipiga risasi, imeanguka yenyewe. Watu wakaguna. Akarudia: tak! Kisha akaishika bunduki juu ya mbaula mpaka chuma kikapata uvuguvugu, akasukuma tena. Kimya, imeshika. Akatoa komeo, akachungulia, akanusa, akaniinamishia na mimi ninuse. Maandazi ya juzi.

"Njo hii," alisema. "Huku ndani kuko kajino kanashikaka sindano isianguke. Mafuta ya kupikia imekauka, imekakamata. Asubuhi na baridi, kajino hakapande. Mchana jua ikipasha chuma, kanapanda. Huyu muntu hajaongopa."

Jailosi alilia kama mtoto, akishukuru. "Zikomo, bambo, zikomo." Msimamizi alifunga gunia, wakaondoka wote wawili, na habari ya polisi ikaishia hapo.

Nilingoja watu wampigie Papa makofi. Aka! Hakuna aliyepiga. Shemasi Wilondja alisogea karibu, akamwita Papa kwa jina langu, na sauti yake ilikuwa ya upole, ile ile ya kanisani.

"Baba Riziki, ile mikono yako ilisomea wapi?"

Papa alichukua kitambaa akaanza kufuta vidole. Watu wakatawanyika, wala hawakuagana.

Kabla ya adhuhuri tulikuwa juu ya lori la abiria kuelekea Lilongwe, na maji ya furushi la Mama yananilowesha mapaja. Tukapanga chumba mtaa wa Nsungwi. Huko Papa alifanya kazi akiwa amefunga mlango, na mtu akipita nje anaongea Kiswahili chetu, alisimamisha gurudumu la mashine mpaka sauti ipotee. Mimi nilimcheka. Mvua zilipokaribia alikwenda Mchesi kuchukua cherehani ya mteja. Cherehani ilikutwa kando ya njia, nzima. Papa hajaonekana mpaka leo.

Mama aliniambia nilipokuwa nimeshaolewa. Kule Fizi Papa alikuwa fundi wa bunduki. Alianza kwa jeshi, halafu kwa yeyote aliyetokea porini, huku Mama, akiwa amenibeba mgongoni, amesimamishwa mbele yake ili asikatae. Bunduki zilizopita mikononi mwa Papa, nyingine zilipita zikiua kijijini kwa Shemasi. Nani alimchukua, sijui, na jina la mtu sitalitaja. Mlinzi yule alipona. Jailosi alituletea unga kila mavuno mpaka alipozeeka, na kila mara alipiga magoti mlangoni, nami nilishindwa kumtazama usoni.

Lakini kinachonirudia kila mara ni zile nguo. Miaka yote nilidhani Mama aliona wingu. Mwezi wa sita, Dzaleka, mvua gani? Nguo zilikuwa zinachuruzika maji, na Papa alikuwa bado hajaigusa bunduki. Mama alikuwa anafunga mizigo. Papa alimwona, ndipo akanyoosha mkono.