Mafuta ya Nywele na Paji Langu

Nimesuka watu hapa Malaba mpakani miaka tisa, na karibu mwaka mzima katika hiyo tisa nilifanya kazi nikiwa nimeinamisha uso. Chunusi zilijipanga kwenye paji langu kutoka sikio hadi sikio, ngumu, zenye usaha, nyingine zikiuma hata nikivua fulana. Na msusi anashinda mbele ya kioo siku nzima. Hakuna pa kuuficha uso.

Nilijaribu kila nilichoambiwa. Niliacha njugu, nikaacha chipsi, nikaacha maziwa. Nilinunua sabuni ya mwarobaini, kisha nyingine ya dawa iliyonibabua mashavu ambayo hayakuwa na kosa lolote. Mteja mmoja aliniuliza kama nina mimba. Mama yangu aliniambia kwa simu kutoka Sigalame kwamba ni hasira zangu zinatokea nje. Hapo hasira zikaongezeka kweli.

Mwishowe nikajishonea nywele za bandia zinazoshuka mbele hadi kwenye nyusi. Ili zilale vizuri nilizidisha jeli yangu ya kila asubuhi, na chini yake mafuta mazito yaleyale niliyokuwa nikiletewa tangu kabla ya chunusi na mama mmoja mchuuzi kutoka upande wa Uganda. "Nyabo, hii ndiyo inarefusha," aliniapia, akiniita bibi kwa Kiganda. Nywele ziling'aa. Chunusi nazo zikashuka hadi kwenye nyusi.

Muuguzi mmoja wa hospitali ya Kocholia, mteja wangu wa kila mwezi, ndiye aliyeona. Nilikuwa nimeinama kumsuka mstari wa mbele, nywele zangu zikajitenga.

"Dada, hizi chunusi ziko hapa tu kwa mpaka wa nywele?"

"Na shingoni, nyuma."

"Kwa mashavu?"

"Hapana."

"Basi wacha kuhangaika na sabuni. Ni hayo mafuta na jeli. Ukitoka jasho yanateremka, yanaziba ngozi. Ukilala yanaingia kwa foronya, unayalalia mpaka asubuhi."

Nilikasirika. Alikuwa anaitukana kazi yangu, tena akiwa kwenye kiti changu.

"Sista, mbona wateja wangu hawana?"

Akaniangalia kupitia kioo. "Umewauliza?"

Sikuwa nimewauliza. Alipoondoka nikafumua kichwa chote, nikaosha, nikafua foronya zote nyumbani. Lakini bado sikutaka awe amesema kweli, kwa hiyo nikamjaribu: upande wa kulia nikaendelea kupaka kama kawaida, wa kushoto nikaacha kabisa.

Kufikia wiki ya sita, kushoto ngozi ilikuwa imetulia, madoa meusi tu yamebaki. Kulia ni vilevile. Nilisimama mbele ya kioo nikiwa na nusu paji safi, nikalia kwa uchungu. Mwaka mzima najinyima njugu, kumbe adui nimemkalisha kwenye rafu yangu, kifuniko wazi!

Nikaanza kuwauliza wateja. Msichana mmoja anayeuza vitambaa Busia mjini aliinua mtandio wake, akanionyesha paji kama langu. Alikuwa akilaumu maji ya bomba. Mwingine alilaumu joto. Niliwatazama nikijua ni mikono yangu iliyowapaka.

Siku hizi napaka kidogo, kwenye ngozi ya kichwa tu, mbali na uso, kisha nafuta paji kwa kitambaa chenye maji. Nawaambia wafunge kitambaa wakilala na wafue foronya. Wengi hawataki kusikia.

"Boss, kwani unaninyima mafuta?" aliniuliza mama mmoja wa Amagoro.

Nikamweleza yote, hata nikamwonyesha madoa yangu.

"Sawa, lakini haing'ai," akasema.

Jana alitoka kwangu, akasimama nje ya mlango, akatoa kikopo kwenye mkoba, akachota kwa vidole viwili na kujipaka ukingo wote wa paji mpaka ukametameta. Nikamwona vizuri kupitia mlango. Nilitaka kumwita. Kichwa cha mtu mwingine kilikuwa mikononi mwangu, nusu kimesukwa, na nilikuwa nimechoka kurudia maneno yaleyale.