Maziwa ya Kuosha Kifua

Jumanne nilikuwa kwenye agroveti moja, duka la dawa za mifugo, mjini Embu, mama mmoja akaingia na kitundu kilichofunikwa kwa leso. Akakiweka kaunta polepole, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia.

"Daktari, niangalilie hawa ndege. Tangu jana hawaimbi."

Daktari akafunua leso. Walikuwa kasuku wadogo wawili. Mmoja amelala chali, mwingine anahema mdomo wazi.

"Mlipaka rangi kwa nyumba?"

"Ya mafuta, sebuleni. Wageni wanakuja ruracio, kuleta mahari ya msichana wetu."

"Na hawa walikuwa wapi?"

"Hapo hapo. Nikafunga madirisha wasishikwe na baridi." Kisha akaongeza haraka, kama anayejitetea kortini: "Lakini maziwa niliwapa! Fundi alisema inaosha rangi kifuani. Yeye alikunywa pakiti mbili, hawa nikawapa na kijiko."

Daktari akavua miwani, akaifuta kwa koti lake.

"Mama, hewa haipiti tumboni. Ungewatoa tu nje."

Yule wa pili naye alikata roho kabla leso haijarudishwa.

Nilitaka kumcheka, nikashindwa. Nani kati yetu amewahi kumnunulia fundi barakoa? Nilipofika kwangu, mtaa wa Dallas hapo hapo Embu, nilimkuta fundi wangu juu ya ngazi, anakohoa, madirisha yote yamefungwa ili vumbi lisishike rangi. Chini palikuwa na pakiti tupu ya maziwa. Niliinunua mwenyewe asubuhi, nikajiona mtu mwema.

"Asante kwa ile ya asubuhi, mkubwa," akasema. "Umeleta ingine?"