Kumsindikiza Baba Chini ya Ardhi

Milango ya treni ikifunguka pale kituoni kwetu, hutangulia kutoka upepo wa baridi wenye harufu ya jiwe lililolowa. Wenzangu hawana habari, wana simu zao. Mie nikiisikia tu narudi kuwa mtoto wa miaka tisa, nimetia uso ndani ya kofia ya kazi ya baba, na mama ananigombeza: "Hebu toa pua humo, jasho tupu!"

Baba alifanya kazi chini ya ardhi ya Riyadh. Walikuwa wakichimba njia ya metro, naye alikuwa mmoja wa waliopanga kuta za zege nyuma ya mashine. Sisi ni Wazanzibari ambao babu zetu ndio waliohamia huku, lakini ukaazi wetu ni wa ikama, kibali kinachofungwa na kazi, kama wa mtu aliyeshuka jana. Ukiacha kazi bila ridhaa ya kafili wako, mwajiri anayekudhamini, halas, funga virago. Kazi ile haikuwa ya kuchezea.

Bibi, mama yake baba, alikuwa akikaa Jeddah, mtaa wa Bani Malik. Habari zilipomfikia alipanda basi akaja, na fimbo yake na mfuko wa kashata. Hata kukaa hajakaa. "We Saidi, chini ya ardhi mtu haendi kwa miguu yake. Hupelekwa!" Alitaka kazi iachwe, sote tuhamie kwake. Baba akambusu mkono, akamweleza mambo ya ikama taratibu. Bibi alikunywa chai yake mpaka kikombe kikaisha, kisha akatoa shuruti yake: "Basi nitakusindikiza huku juu, nikikugongea. Na siku usiponisikia, kofia yao unawarudishia."

Nyie mnajua kusindikiza kwetu kulivyo. Mgeni haachwi atoke peke yake; unavaa viatu, unakwenda naye, mnaagana, mnapiga hatua kumi, mnaagana upya, na huku chakula kinaungua jikoni. Bibi alikuwa bingwa wa mambo hayo. Basi kila siku baada ya alasiri tulikwenda na baba mpaka lango la mabati, akashuka kwenye shimo, na sisi tukashika njia huku juu, kufuata uzio. Mie nilibeba mwavuli na chupa ya maji. Bibi alitembea kwa miguu yake iliyovimba, akisoma dua, na kila penye nguzo ya taa aligonga lami kwa fimbo mara tatu. Wauza simu walituangalia. Loo, nilivyokuwa naona haya!

"Kwani Bibi, lazima twende mpaka mwisho?" nilimuuliza siku moja, nimechoka.

"Babu yako nilimsindikiza mpaka mlangoni tu," alisema, akagonga. Nikadhani analaumu uvivu wake mwenyewe.

Asubuhi baba akirudi, kabla hajavua viatu, aliulizwa: "Umenisikia?" Naye alijibu, "Nimekusikia, mama. Mara tatu." Bibi akashusha pumzi, akammenyea yai.

Ijumaa moja baba alinichukua kwenda kununua mkate. Kwenye uzio palikuwa na ubao wenye ramani ya njia, akanionyesha kwa kidole: tunaingilia hapa, tunatokea pale. Nikaona mstari, ulipofika kwenye mzunguko wa barabara, unakata kushoto na kupita chini ya majumba. Sisi na Bibi tulikuwa tukienda moja kwa moja! Zaidi ya nusu ya matembezi yetu tulikuwa tukisindikiza mchanga.

"Baba! Kumbe humsikii!"

Baba alicheka, kisha hakucheka. "Mwanangu, hata mngekuwa juu ya kichwa changu nisingesikia. Mashine ile inanguruma, we acha tu. Lakini Bibi asijue. Akijua, mie sina kazi, na nyie hamna ikama."

Siri hiyo kapewa nani? Mie, mtoto niliyekuwa nikisema hata kilichopikwa kwa jirani! Kesho yake, tulipofika kwenye mzunguko, nilimvuta Bibi mkono: "Twende kushoto, kuna kivuli." Akanitazama sana. "Msindikizaji hachagui kivuli," akasema, akanyoosha moja kwa moja. Nikafunga mdomo, nikambebea mwavuli. Sikusema siku hiyo wala nyingine, mpaka njia ikatoboka na baba akatoka mzima. Bibi akarudi Jeddah kuwaambia majirani kwamba reli ya Riyadh imechimbwa kwa fimbo yake.

Mwaka jana Bibi alifariki, pale pale Bani Malik. Wanaume walimwinua, wakashuka naye ngazi. Sisi wanawake, kwa desturi yetu, hatwendi makaburini. Nilikwenda naye mpaka mlangoni, mlango ukanizuia. Nilisikia nyayo zao zikipungua, nikashika ukuta nikalia kwa sauti, kwa sababu ndipo nilipomfahamu. Babu alipelekwa chini na yeye akabaki kizingitini hivi hivi. Mwanawe alipotaka kushuka ardhini angali hai, Bibi aliona safari hii hakuna wa kumzuia.

Tuliporudi Riyadh niliichukua fimbo. Nikamwambia baba apande treni kituo kile cha langoni, ashuke cha pili, anisubiri. Mie nikapita juu, njia ya Bibi, moja kwa moja mpaka mwisho wake, na kila nguzo ya taa nikagonga mara tatu. Kisha nikazunguka mpaka kituoni. Nilimchelewesha baba karibu saa nzima.

Nilimkuta amekaa kwenye benchi, mzee sasa, kofia ya kitambaa mapajani. Hata kumuuliza sijamuuliza. Alinyanyua macho, akaiona fimbo.

"Nimekusikia," alisema. "Mara tatu."